Ugunduzi wa Mlima Pua

Na itangazwe kwa vizazi vyote: kiangazi kile, katika milima ya barafu ya ncha ya kusini, Torleif Haugland, mwandishi wa vipimo, aligundua kilele chenye kimo cha mita elfu mbili mia tisa na kumi. Kilele hicho kilikuwa na kasoro moja tu. Hakikuwepo.

Alikichora kwa kuchoshwa. Pale kituo cha saba ukungu uliwafungia hemani siku tano, wanaume watatu na harufu ya soksi zao, na penseli ilikuwa mkononi. Kwenye ramani, nyuma ya safu ya mwisho, akachora mlima wenye nundu katikati, kama pua ya Gudmund, mwendesha mbwa wao wavutao mizigo. Akauandikia na vipimo kwenye daftari. Alikusudia kuufuta, lakini ukungu ulipoondoka walifunga mizigo haraka, akasahau.

Sasa, siku ya arobaini na moja, mkuu wao Halvdan aliikunjua ramani juu ya sanduku.

"Mlima huu umeonwa kutoka kituo kimoja," alisema. "Na mimi kilele kisichopimwa kutoka vituo viwili sikiachi hivihivi. Kesho tunarudi mashariki. Mwendo wa siku mbili."

"Kwenda tu?" Gudmund alikuwa akisugua vidole vya miguu, vyeupe kama mshumaa. "Mzee, chakula cha mbwa hakitoshi. Itabidi nimpige risasi Grim."

"Basi mpige."

Gudmund alishusha pumzi, akamgeukia Torleif. "Na wewe, macho ya tai, ulikosa pengine pa kutazama?"

Torleif alikoroga uji uliokwisha kuganda. Nje Grim alikuwa akikohoa. Tangu pwani ndiye mbwa aliyevuta mbele ya wenzake.

Halvdan alifunua daftari. "Kituo cha saba, tarehe kumi na nne. Siku hiyo mimi sikuona hata mkono wangu. Wewe uliona mlima ulio kilomita sitini?"

Gudmund akainamia mchoro. Akaigusa nundu, kisha akajigusa pua.

"Ni yako," Torleif alisema. "Nimeutunga. Na vipimo nimetunga. Hakuna mlima, mkuu. Mwacheni Grim."

Halvdan hakufoka, nguvu za kufoka zilikwisha wiki mbili nyuma. Alichukua kifutio.

"Umetunga mingapi?"

"Huo tu."

Halvdan akamtazama.

"Miwili," Torleif akasema. "Kile kilima cha mviringo, kituo cha nne... ni kipara chako, mkuu."