Visahani vya Njaa

Wasiwasi ndio uliomwamsha Bingwa, wala si mlio wa simu. Mumewe alimtazama akihangaika na kifungo cha blauzi, akamuuliza, "Kwani anayefukuzwa kazi ni wewe?" Aliyekuwa karibu kumwaga unga ni Pacha, na kwa Bingwa hilo lilikuwa baya zaidi.

Huyo Pacha, niseme mapema, hakuzaliwa naye tumbo moja. Walikutana chuoni, wakasoma pamoja, wakala sahani moja, wakaolewa mwaka mmoja, hata watu wakachoka kuwatenganisha wakaanza kuwaita mapacha. Binti wa Pacha humwita Bingwa mama mdogo na humdai viatu bila haya. Jina la Bingwa nalo lilitoka kwa Mzee, profesa mkuu wa maabara yao, siku alipoyaona matokeo yake makubwa. Mzee si mtu wa kusifu ovyo, kwa hiyo alipomwita bingwa mbele ya watu, jina likaganda.

Na matokeo yenyewe? Si kitu kigumu, tulieni. Ndani ya kila seli mna viwanda vidogo mno vya kutengeneza protini, na bila protini hakuna msuli, hakuna damu, hakuna mimi wala wewe. Seli ikinyimwa chakula hupunguza kazi, hilo linajulikana. Bingwa yeye aligundua kwamba seli zake huzima viwanda vyote papo hapo, kabla hata chai ya mtu haijapoa. Wasomi wakapigwa na butwaa. Mzee akazunguka nchi za watu akilihubiri jambo hilo, na Pacha akapewa kazi ya kuitafuta swichi inayovizima viwanda hivyo.

Sasa, huwezi kuitafuta swichi kabla hujaona taa zikizimwa, na kwa Pacha hazikuzimwa. Alirudia na kurudia mpaka akakonda. Seli zake, ziwe zimeshiba au zina njaa, zilichapa kazi tu. Maneno yakaanza. Chumba chake cha ghorofa ya chini kilikuwa kichakavu, friji yake imekufa siku nyingi, kila kitu anakichanganya upya asubuhi ile ile. Basi wakasema uchafu, wakasema papara, wakasema kuna watu wangefaa zaidi kukaa dukani. Bingwa hakusema hivyo. Yeye alisema, "Mikono yake ni mizito, maskini," tena kwa huruma, na huruma ya namna hiyo ndiyo inayommaliza mtu kabisa.

Leo Mzee alikuwa amemwita Pacha ofisini baada ya chakula cha mchana, na kila mtu alijua anaitiwa nini. Jana yake Pacha alipiga simu, sauti kavu. "Nimeshamwambia mama aondoe magunia kwenye kile chumba changu cha zamani," alisema. "Mimi na mtoto tunarudi."

Ndiyo maana asubuhi hiyo Bingwa alishuka chini na koti lake jeupe, akapandisha mikono ya koti.

"Leo nafanya mimi," alisema. "Hapa hapa kwako, kwa vitu vyako. Ukienda kwa Mzee, uende na kitu mkononi."

"Akiuliza nani kafanya?"

"Tumefanya sote. Kaa hapo, shoga yangu, unywe maji."

Alivitoa visahani vya seli kwenye kabati la joto. Vya shibe alivibadilishia chakula. Vya njaa alivisuuza mara mbili kwa maji ya chumvi, pasibaki hata tone la chakula. Akatia dawa inayong'aa kila protini mpya inapoundwa, akasubiri, kisha akaviweka kwenye mashine ya kupima mwanga. Vya njaa vilitakiwa kuwa giza.

Viling'aa sawasawa na vya shibe.

"Umeona," Pacha alisema taratibu. Hakufurahi hata kidogo, alimsikitikia mwenzake. "Hiki chumba kina mkosi."

Bingwa alianza upya, safari hii kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na vikang'aa tena. Huko nje watu walishaanza kurudi kutoka kula. Pacha alichukua mkoba wake, akajitazama kwenye kioo cha simu, akajifuta macho. Alisema ni afadhali akangoje mlangoni kwa Mzee kuliko kungoja pale, akaondoka.

Bingwa alibaki ameishika ile chupa ya maji ya chumvi, na hapo ndipo alipoihisi mkononi. Ilikuwa vuguvugu. Pacha aliichanganya asubuhi akaiweka kando ya kabati la joto, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuiweka. Ya Bingwa, kule juu, hulala ndani ya friji isiharibike, kama Mzee alivyomfundisha. Huitoa, huitumia, huirudisha, na vidole humfa ganzi kila mara. Visahani vya shibe hupewa chakula kilichotoka kwenye joto. Visahani vya njaa humwagiwa maji ya baridi, mara mbili. Miaka yote hiyo, na wasomi wote wale, hakuna aliyeuliza.

Alipanda ngazi mbio, akatoa kwenye friji chakula cha seli kikiwa baridi vile vile, akachukua visahani vya seli zilizoshiba, zisizowahi kulala njaa hata siku moja, akavisuuza kwa chakula hicho. Akatia dawa. Alisimama mbele ya mashine akitafuna ukucha wa kidole gumba, akiomba moyoni, na aibu yake ni kwamba hakujua anaomba nini.

Giza tupu. Seli zake hazikuwahi kuzimwa na njaa. Zilikuwa zinasikia baridi.

Aliwaza kuyafuta matokeo hayo, siwezi kumfichia. Abonyeze kitufe kimoja, amwage visahani kwenye sinki, na kesho Mzee atamwita Bingwa kama jana. Pacha atakwenda kwa mama yake, atapata kazi nyingine, si ana shahada? Aliyawaza hayo yote akiwa kwenye korido, miguu ikimpeleka yenyewe, na alipogonga mlango wa Mzee bado alikuwa hajaamua.

Pacha alikuwa ameshaketi, mkoba mapajani. Mzee akatabasamu.

"Umekuja wakati mzuri, mwanangu. Nilikuwa namwambia mwenzako kwamba simchukii, ila kazi ni kazi. Hebu mweleze wewe mwenyewe, seli zako ulizifanyaje hata zikazima?"

Pacha alikuwa ameinua uso, anamtazama, kweli anangoja kufundishwa.

"Nilizimwagia maji ya baridi, Mzee."

Akaeleza yote, tangu friji hadi giza, bila kupumua. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Kisha akamgeukia Pacha kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha.

"Mama, hebu tupishe kidogo. Nizungumze na Bingwa."

Pacha, kwa mazoea ya kutii, akainuka. Bingwa akamdaka mkono.

"Akae, Mzee. Aliyepatia ni yeye."

Mzee aliwatazama wote wawili. Alitazama mlango uliofungwa, akamtazama tena Bingwa, akaona hapindiki.

"Kaa, mama," alisema mwishowe. "Hakuna anayeondoka leo."

Pacha hakukaa. Wala hakuwa anamtazama Mzee.

"Ningeondoka," alimwambia Bingwa. "Na wewe ungenisindikiza mpaka stendi, unalia."

Akauvuta mkono wake, na Bingwa akauachia.