Mlango Uliolala Manika

Mama Godelieve alipitisha kiganja juu ya ubao wangu wa mukula, mti mwekundu uliokatazwa kukatwa, akakitazama kilivyokuwa chekundu, akasema hanunui.

Mimi ni seremala, na nina mdomo. Siku ile mdomo ulinitangulia. Nilimwambia kwamba Kolwezi nzima wakubwa wanakalia mukula, na kama biro yake, yaani ofisi yake, inataka meza za plastiki, sokoni Manika zimejaa, aende akachague rangi.

Hakukasirika. Yeye ndiye aliyekuwa akinunua vitu vya biro ya serikali pale Manika, karatasi, viti, taa, hata sabuni ya chooni, na mafundi wote tulijua kwamba kumuuzia kitu ni kama kuposa binti wa mchungaji. Lazima aulize ukoo.

"Tata Muteba," alisema, "huu muti balikata juzi. Kama serikali njo inanunua ya juzi, nani atakataza ya kesho? Uniletee meza ya mbao ya zamani. Kama hauna, nitatafuta fundi mwingine."

Akapanda pikipiki ya taksi-moto, akaniacha na ubao wangu.

Meza ile ya kupokelea watu ndiyo kazi pekee niliyokuwa nimeahidiwa tangu mvua zianze. Nikiikosa, Jumatatu ningeshuka kwenye mashimo ya kobalti pamoja na kundi la Glodi, jirani yangu. Nafasi yangu kwenye kamba ilikuwa tayari. Mke wangu Darlène alikuwa ameacha kucheka nyumbani.

Na mbao za zamani nilikuwa nazo. Hapo ndipo palipouma.

Nyumba yetu ya mtaa wa Kasulo aliijenga baba, Badibanga, mtoto wa watu wa Kasai walioletwa kufanya kazi mgodini. Mlango wa mbele aliuchonga mwenyewe kwa mubanga, mti mgumu unaovunja misumari, na sheria yake ilikuwa moja: ukifika mlangoni, gonga, kisha vua viatu, vumbi la mgodi libaki nje. Baba alipokwisha kuzikwa, majirani wakaanza kuchimba kobalti chini ya sebule zao, huku na huku, hadi ukuta wetu ukapasuka, na asubuhi moja jiko likazama lote na sufuria zake. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Mama alihesabu watoto, kisha akasema tutoe mlango na boriti, basi, mengine yaende.

Tulivileta kwa mkokoteni hadi karakana yangu. Mlango ukaegemezwa ukutani, ukakaa miaka, na ole wake aliyeuwekea mgongo. Kila asubuhi mama aliufuta vumbi kabla ya kunisalimia mimi, mtoto wake wa kwanza.

Basi siku ile Mama Godelieve alipoondoka, nilimfuata mama uani. Nilianza kwa ukali kwa sababu nilikuwa na aibu. Nilimwambia mlango usio na nyumba ni kuni tu. Aliendelea kuchambua sombe, kisamvu chetu, jani kwa jani, nikadhani amekataa kunisikia.

"Mulango ya baba yako haiko kuni," alisema mwishoni. "Lakini mi nilizika bwana. Sitaki kuzika mutoto mu shimo." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Tengeneza meza yako. Ila tu ile fasi batu balikuwa banagonga, usiguse na randa."

Sehemu hiyo ilikuwa upande wa kulia, usawa wa kifua. Ubao umelika pale, umekuwa laini kama kijiko cha mbao cha siku nyingi. Ni ngumi za watu zilizoulainisha: mashangazi, wanakwaya, walioishiwa chumvi, na wale wote waliokuja kulia nasi baba alipofariki. Niling'oa bawaba huku machozi yananitoka, na sioni aibu kusema. Nikaulaza mlango, nikaupa miguu ya boriti za nyumba ileile. Nilipiga randa kote isipokuwa pale.

Nilipoipeleka meza, Mama Godelieve aliuliza swali lake lilelile, mbao zinatoka wapi. Nikamjibu neno moja: Kasulo. Aliitazama meza, akanitazama mimi, akatia sahihi. Lakini mkuu wa biro, Tata Nkongolo, alikuja akaweka kidole palepale palipolika.

"Fundi, hapa ulisahau kumaliza."

Nilikwisha kufungua mdomo, huu unaojulikana, ila Mama Godelieve akaniwahi. "Hakusahau, Tata. Njo vile tuliinunua."

Jumatatu ile sikushuka. Meza ilizaa viti, viti vikazaa makabati ya shule, yote ya mbao za nyumba zilizobomolewa, na watu wakaanza kuniletea milango yao badala ya kuichoma. Glodi mwenyewe sasa anapiga randa kwangu, tena vibaya, lakini anapiga akiwa juu ya ardhi. Darlène anamcheka kutwa. Mimi nikisali nalitaja jina la Godelieve mara tu baada ya wazazi wangu, mpaka mchungaji anadhani ni shangazi yangu. Sijamsahihisha.

Juzijuzi mama alihitaji cheti cha makazi. Nikampeleka Manika. Alikuwa hajawahi kuiona meza. Kila nikimwambia twende akaione, magoti yalikuwa yanamuuma. Tulipanga foleni na wengine. Zamu yake ilipofika alisimama, akaipapasa meza polepole kuelekea kulia, mpaka vidole vikapakuta pale palipolika. Nilitaka kumshika mkono. Nikajizuia.

Akakunja ngumi, akagonga.

"Odi," alisema, kwa sauti ya mtu anayerudi kutoka sokoni.

Mama Godelieve, aliyekuwa akipokea watu siku hiyo upande wa pili wa meza, aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake. Akaitazama ile ngumi na mahali ilipo, kisha akanitazama mimi nyuma ya mama. Akaweka kalamu chini, akasimama.

"Karibu, mama," akasema. "Ingia."

Na mama, ambaye tayari alikuwa ndani, akainama akavua ndala zake.