Mwezi wa Pili wa Mwalimu Eggert

Baba yangu, mwalimu Eggert, alikuwa na kosa moja tu: alisema mbele za watu kwamba ameona mwezi wa pili, mdogo, mweusi, ukipita mbele ya jua. Tangu hapo wanafunzi wakawa wanamchorea miezi miwili ya chaki mlangoni. Akahamia Stettin kwa kaka yake.

"Nitarudi siku mji huu utakapouona," alisema.

Miaka sita Mama alikifuta vumbi kiti chake kila Jumamosi, hata chini ya miguu ya kiti hicho.

Basi Februari ya 1898 gazeti likaandika kwamba bwana mmoja wa Hamburg amepiga hesabu: mwezi wa pili upo, na tarehe tatu utapita mbele ya jua. Siku hiyo Mama alivaa gauni la kanisani.

Tulisimama watu kumi na wawili uani mwa posta, kwenye theluji, na kioo kimoja tu cha kutazamia jua, alichokipaka masizi ya mshumaa Bwana Radloff, mkuu wa posta. Alikiinua mbali kidogo na jicho.

"Ule pale! Doa jeusi, chini kushoto!"

"Toa kidole chako kwanza, mume wangu," mkewe akamwambia.

Kioo kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akaliona. Mwoka mikate akavua kofia.

"Bibi Alwine," akamwambia Mama, "tulimwonea mwalimu. Mwite arudi."

Mama machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nililiona doa, ila nilipokigeuza kioo juu chini, doa nalo likahamia juu kulia. Kumbe kilikuwa kiputo ndani ya kioo.

"Mama," nikamnong'oneza, "mwezi wenyewe uko humu kiooni."

Akakigeuza polepole, mara mbili. Akakirudisha, akaingia ndani kuomba karatasi ya telegramu. Nikamfuata.

"Utamdanganya Baba?"

"Hebu nyamaza, Wiebke."

Aliandika: *Tumeuona.* Akakaa akiitazama kalamu. Akafuta, akaandika tena: *Hatukuuona. Njoo hivyo hivyo. Nina hamu nawe.*

Bwana Radloff aliisoma, akakunja uso. "Lakini si umeuona, mama?"

"Tuma kama ilivyo."

Tukaketi kwenye benchi la posta kungoja jibu, theluji ikituyeyukia viatuni. Mama alikataa kwenda nyumbani kula. Kila mashine ya telegramu ilipogonga, aliinuka nusu. Na kila mara habari ilikuwa ya watu wengine.