Chumba cha Masalu

"Mama Melania, hivi tangu uzaliwe umeshawahi kununua kitanda alichokilipia mwanaume usiyemjua?"

Jirani yangu Nelly aliniuliza hivyo tukiwa uani kwangu Ngokolo, Shinyanga, simu yake mkononi, anacheka mpaka anajishika kiuno. Mimi sikucheka. Mwanangu Melania alikuwa amejifungua kwa upasuaji huko Geita na kesho yake walikuwa wanamruhusu. Mtoto ana manjano. Daktari kasema wasiende mbali, aletwe kila asubuhi kwa siku tatu aangaliwe. Kwa mumewe ni Nkome, na barabara ile si ya mtu mwenye mshono. Gesti zote za mjini zilikuwa zimejaa watu wa maonesho ya madini. Nilipiga namba kumi na moja tofauti.

Nelly ndiye aliyekiona kile chumba kwenye kundi la WhatsApp la kuuza na kununua, katikati ya friji kuukuu na mbuzi wawili. "Nauza chumba cha hoteli Geita mjini, siku tatu, nimeshalipia, sitaweza kwenda. Nusu bei."

"Wezi hao," Nelly akasema. "Ukituma tu, namba inazimwa."

Mimi ni mjane mwaka wa tisa sasa, na darasa la saba nililoishia limenitosha kujua kwamba mtu humpimi kwa maandishi. Nikampigia nimsikie.

"Mwangaluka, mayu," sauti ikaniamkia kwa Kisukuma, kama mtu anayemwamkia mama yake. Akasema anaitwa Masalu, mchimbaji kwenye machimbo ya Nyarugusu. Alilipia chumba siku shimo lao lilipoanza kutoa dhahabu, naye akataka alale kwenye shuka nyeupe kama bosi. Sasa mawe yenye dhahabu yanazidi kutoka shimoni na hawezi kuondoka. "Nikitoka tu, mayu, wenzangu wanagawana mifuko ya mawe. Huku asiyekuwepo hana fungu."

Jibu hilo lilinituliza. Mwizi angesingizia msiba. Nikatuma hela.

"Ukifika sema wewe ni mama yangu mzazi," akaongeza. "Hawatauliza zaidi."

Kesho yake saa saba mchana nilisimama mapokezi ya ile hoteli, mjukuu kifuani ndani ya kitenge. Melania alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yangu, kajishika tumbo, midomo imemkauka. Dada wa mapokezi, Serafina kwa kibandiko cha kifuani, akatazama kompyuta yake.

"Masalu. Ndiyo, kipo. Wewe ni nani wake?"

Ulimi ulikuwa tayari. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nakariri: mama yake, mama yake. Lakini alinisogezea kitabu cha wageni, kile cha jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, na niliposhika kalamu mkono ukaandika jina langu. Sikuweza kumzaa mtu kwenye karatasi. Nikawaza, nitakaa siku tatu kwenye chumba cha uongo, halafu humo humo nipige magoti nimwombee mtoto apone?

"Si mwanangu," nikasema. "Chumba nimekinunua kwake."

"Mama, jamani!" Melania akalia kwa nyuma.

Serafina akakivuta kitabu chake. "Basi siwezi kukupa ufunguo. Wiki iliyopita chumba kimoja kiliuzwa kwa watu wawili, wakashikana mashati hapa hapa. Mwenyewe aje na kitambulisho. Saa kumi asipotokea nampa mtu mwingine. Mama, mimi nimeajiriwa tu."

Nikampigia Masalu. Akapokea mwingine.

"Yuko chini shimoni, mama. Mimi Chacha, nakaa juu na simu zao."

"Mwambie mama wa chumba anamhitaji hapa hotelini kabla ya saa kumi, na kitambulisho. Nina kichanga cha siku nne."

Akacheka. "Leo? Leo ndiyo tunagawana mawe! Si afadhali nikutumie picha yake?"

"Mwambie hivyo hivyo. Na mwambie nimeharibu mwenyewe, sikusema alichonielekeza."

Tukakaa. Nikatoa rozari. Mtoto alinyonya kidogo, akalala, macho yale ya njano yamefumba.

"Ungesema neno moja tu," Melania akasema.

"Najua."

"Mungu angekusamehe."

"Hilo nalo najua."

Saa tisa na nusu akaja baba mmoja na begi, akainama kaunta kunong'ona na Serafina, wote wakatazama saa ya ukutani. Nikaacha kuhesabu Salamu Maria, nikawa nasema tu: Bwana, huyu mtoto. Huyu mtoto.

Saa kumi kasoro dakika saba pikipiki ikafunga breki mlangoni. Aliingia kijana mrefu, tope mpaka masikioni.

"Wee! Vigae!" Serafina akapiga kelele.

"Vitafutwa," akasema, akaweka kitambulisho kaunta. "Mimi Masalu. Chumba ni cha huyu mama. Wapi niandike?"

Akaandika. Ufunguo ukaja mkononi mwangu, baridi, na ndipo nilipojua kwamba tangu Shinyanga nilikuwa nimekaza mabega. Yalishuka yenyewe. Yule baba akachukua begi lake. Melania alicheka na kulia pamoja, akashikilia mshono, "Aaa, msinichekeshe," wala hakuna aliyemchekesha. Nikampa ufunguo, akaanza kujikokota kwenye korido, hatua moja moja, mpaka nikasikia kitasa kikizunguka.

Masalu akainama kumtazama mtoto, mikono yake ya tope kaificha mgongoni.

"Ungesema tu mama yangu, mayu, sasa hivi ningekuwa shimoni."

"Nisamehe, baba. Na mawe?" nikamuuliza. "Watakuwekea fungu lako?"

Akamtazama mtoto kidogo tena, akachukua kitambulisho chake, akatoka kuiwahi pikipiki.