Mifupa ni ya Ghati

Ghati alivunjika mkono akimvuta ndama aliyegoma kuingia zizini. Hakuanguka wala hakupigwa. Kamba ilikaza tu, kifundo cha mkono kikalia kama ukuni mkavu. Hilo ndilo lililomtisha. Yeye aliyelima ulezi huko Nyarero tangu usichana wake, aliyejenga nyumba upya walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, leo kashindwa na ndama!

Hospitali ya misheni wakampiga picha ya mifupa. Daktari akamweleza kwamba mifupa yake imeliwa kwa ndani kama mti wenye mchwa, na kwamba wanawake wengi hupatwa na hayo hedhi ikishakoma. Dawa zilikuwa mbili. Kulikuwa na vidonge vya kalsiamu, vya kumeza pamoja na mafuta ya ini la samaki; hivyo vingesaidia kidogo, ila hakuthubutu kuapa. Na kulikuwa na vidonge vya kuurudishia mwili ile nguvu ya uzazi iliyokwisha. Hivyo ndivyo daktari alivyoviamini zaidi.

"Na ubaya wake?" Ghati akauliza.

Daktari hakumficha. Damu ingeweza kurudi, na huko ng'ambo wameanza kuona saratani ya mfuko wa uzazi kwa baadhi ya waliovitumia muda mrefu. Lakini mama akivunjika nyonga huko kijijini, akasema, hicho nacho ni kifo.

Ghati akamkumbuka dada yake Bhoke, aliyevuja damu mpaka akaisha, wakimtazama tu. "Hivyo sivitaki, daktari. Nipe vya kalsiamu, kisha uniambie mimi mwenyewe nifanye nini."

Daktari hakufurahi, na alimwambia hivyo. Hata hivyo alimwagiza atembee, aote jua, anywe maziwa, ale dagaa na miiba yao, asiinue mzigo mzito.

Alipofika nyumbani alikuta mambo yameshaamuliwa. Mumewe, Mniko, alikuwa amemwomba mwenyekiti wa kijiji amwondoe mkewe kwenye kazi za shamba la pamoja. Wifi yake Robi naye alimletea unga wa kuunga mifupa kutoka Sirari. Ghati akamuuliza umetengenezwa kwa nini. Robi hakujua, na muuzaji naye hakusema. Ghati akaufunga vizuri, akamrudishia. Wifi akanuna, akakaa siku nyingi bila kupita hapo.

Zito zaidi lilikuwa suala la maziwa. Katika boma lile maziwa yalikuwa ya Mniko, wageni na wajukuu. Wanawake walipata yaliyobaki. Asubuhi iliyofuata, mkono ukiwa ndani ya plasta, Ghati alijimiminia kikombe kabla ya mumewe, akanywa mbele yake.

"Tangu lini?" Mniko akauliza.

"Tangu leo, baba Kornelio. Ng'ombe huyu alikuja kwa mahari ya binti niliyemzaa kwa mifupa hii hii."

Mniko akasogeza kikombe chake naye amiminiwe.

Plasta ilipoondolewa, Ghati alibeba jembe lake jepesi mpaka shamba la kijiji. Mwenyekiti, mzee Magige, akamkumbusha kwamba sasa yeye ni wa kukaa na wazee. Ghati akasema magunia hatabeba na visiki hatang'oa, lakini kupanda na kupalilia atafanya.

"Daktari kasema mfupa usiofanya kazi huyeyuka," akamwambia mbele ya watu. "Mnataka niyeyuke kwa idhini ya kamati?"

Watu wakacheka, na Magige akampisha.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokolea, aliteleza kwenye njia ya mtoni akavunjika mfupa wa ubavu. Mniko akasema huenda vile vidonge alivyovikataa vingemkinga. Ghati akakubali kwamba huenda. Aliumwa sana, na kuna usiku aliolia kimya kimya, akijiuliza kama alikosea. Lakini aliporudi hospitali, daktari alipomshauri tena ameze vile vidonge, Ghati aliuliza kwanza kuhusu ile saratani. Daktari akakiri kwamba habari zinazofika zimezidi kuwa mbaya.

"Basi na mimi sijabadilika," Ghati akasema.

Akachukua kalsiamu yake, akarudi kwa miguu, polepole, kitenge kimefungwa kwa nguvu ubavuni. Miaka iliyofuata mgongo ulipinda kidogo. Vijana waliopita kando ya shamba walimpa shikamoo. Yeye aliitikia marahaba huku akiendelea kupalilia.