Ndiyo, Nilimchoma

Ofisa wa ustawi aliniuliza swali moja tu: "Mama, ulimchoma mtoto au hukumchoma?"

"Nilimchoma," nikajibu, maana ni kweli. Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi ile nilikuwa nabana pindo la gauni la shule la binti yangu kwa pini, moja ikamgusa goti. Akapiga kelele, tukacheka, yakaisha. Kumbe darasani alimwambia mwalimu, "Mama kanichoma."

Wakamchukua siku hiyohiyo. Kesho yake redio ikatangaza: mama amchoma mwanawe. Gazeti likaweka picha ya pasi. Pasi ya nani? Hakuna aliyekuja kuniuliza. Dada yangu wa tumbo moja alikuja, akaitazama pasi yangu mezani, kisha akanitazama mimi. Hadi nikaanza kujiuliza: au nilimchoma kweli?

Leo, siku ya tatu, nimeruhusiwa kumwona. Mwandishi wa gazeti naye yupo, daftari mkononi. Mwanangu akatoka na gauni lilelile. Siku tatu hata hawakumbadilisha! Akanikimbilia. Ofisa akainama, akamdaka kwa pindo.

"Uwii! Nini hiki kimenichoma?" ofisa akalia, akinyonya kidole.

"Ni pini, bibie," nikasema. "Mwenzio alichomwa na hiyohiyo."

Nikamgeukia mwandishi. "Haya, andika!"

Akafunga daftari lake. "Samahani, mama. Hiyo si habari."