Zamu ya Konokono

Mume wangu Gotthold alistaafu mwezi wa Februari, na kufikia Machi nilikuwa namwomba Mungu amrudishe kazini. Kwa miaka arubaini na moja alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha vali za mabomba hapa Böblingen, kusini mwa Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro. Kasoro za kiwandani zilipomwishia, akahamia jikoni kwangu. Viungo vyangu vikapangwa kwa alfabeti, vifuniko vya sufuria vikapewa namba, na chumvi niliitafuta siku mbili nzima.

Kwa hiyo Mzee Ottmar wa ghorofa ya juu aliposhuka na ombi lake, nilisema ndiyo kabla hajalimaliza.

Ottmar Pfleiderer ana miaka themanini na minne, na magoti yake yameshazikataa ngazi. Tarehe mosi Juni alikuwa anahamia nyumba ya wazee, na kule tangi la samaki hawalitaki. Tangi lake la maji ya bahari, lenye matumbawe na kila kitu, amelitunza miaka ishirini na sita. Humo, pamoja na konokono wa kusafisha vioo, waliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wana miaka kumi na tisa, na marehemu mkewe ndiye aliyewapa majina: Pauline na Mchungaji.

"Gotthold, jenga tangi," alisema. "Wakikaa kwako, nitakuja kuwaona. La sivyo itabidi waende dukani, wauzwe kwa mtu nisiyemjua. Na hilo mwenzio siliwezi." Akatoa leso akapenga kamasi ambayo haikuwepo.

Gotthold akajenga. Alipima meza kwa pimamaji mara nne. Mzee akampa mawe kutoka tangi lake, mawe yenye vijidudu vinavyosafisha maji, akamwambia: "Haya weka, tia maji ya chumvi, kisha kaa kitako. Wiki nane. Tangi jipya lazima litachafuka kwanza, halafu litajisafisha lenyewe. Wewe liache."

Umwambie Mswabi, mtu wa huku kwetu, aone uchafu auache! Heri umwambie paka alinde maziwa.

Wiki ya tatu mchanga ukaota rangi ya kahawia. Mwanzo ulikuwa kama vumbi la kakao, kesho yake ukawa zulia, keshokutwa ukapanda mawe na vioo. Ulikuwa mwani. Tena tangi lenyewe tuliliweka dirishani, upande wa barabarani, ili watu walione. Wakaliona. Bi Adelheid Knöpfle, jirani wa mlango wa pili, alisimama nje na mfuko wake wa mikate, akagonga kioo.

"Roswitha, shoga, mmeanza kufuga samadi?"

Gotthold alisikia. Akafunga pazia mchana kweupe, akavaa glavu, akachukua mswaki. Mswaki wangu, tena ule mpya.

Alisugua kila siku baada ya chai ya asubuhi. Alitoa maji machafu ndoo kwa ndoo, akatia mapya ya bomba yaliyochanganywa chumvi. Asubuhi tangi linang'aa, jioni limepata ndevu, na kesho yake ndevu zimezidi. Kadiri alivyosafisha ndivyo lilivyochafuka, na kadiri lilivyochafuka ndivyo alivyosafisha. Jumamosi moja akaona isiwe tabu: akayatoa mawe yote, akayapeleka kwenye sinki la jikoni langu, akayapiga brashi chini ya bomba mpaka yakawa meupe pe.

Ottmar aliposhuka jioni ile, alishika kiti kwanza ndipo akasema.

"Umeyaosha?"

"Kwa brashi!" Gotthold akajibu, kifua mbele.

"Kwa maji ya bomba?"

"Ya moto."

"Basi umewaua wafanyakazi wote, ewe bwana. Hao vijidudu ndio waliokuwa wanakusafishia. Na maji yako ya bomba yana mchanga ulioyeyuka, hauonekani kwa macho, na huo ndio chakula cha mwani. Unaufukuza kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili unaulisha."

"Maji haya yanatoka Ziwa Bodensee," Gotthold akasema, akavimba kama aliyetukaniwa mama. "Hakuna maji bora kuliko haya."

"Bora kwa kunywa. Chukua chujio langu, litautoa mchanga huo."

"Chujio lako linamwaga ndoo tatu lipate moja! Mimi hata maji ya kuoshea saladi nayamwagilia maua. Ng'o!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Aprili ikaisha, Mei ikaingia, na tangi letu likawa na rangi ya supu ya dengu iliyolala. Mzee akaacha kushuka. Siku moja nilimpelekea sahani ya chakula, nikamkuta ameshika simu, anauliza duka la samaki hufunguliwa saa ngapi. Aliponiona akaikata.

"Wiki nne zimebaki, Roswitha," alisema. "Siwezi kuwatia Pauline na Mchungaji kwenye matope. Mume wako ni mtu mzuri. Lakini hawezi kukaa kitako, basi."

Nilishikwa na hasira, nawaambia kweli. Mtu anaagana na nyumba yake na ngazi zake, na vitu viwili vya mwisho alivyoachiwa na mkewe vinamponyoka, kisa mume wangu anaona haya mbele ya Adelheid Knöpfle!

Ndipo nikakiona kibao. Kilining'inia jikoni kwake, kibao cha zamani cha zamu ya kufagia, cha mbao. Ottmar alikichonga mwenyewe, miaka mingi kabla mwenye nyumba hajatuletea hiki cha plastiki. Nyinyi mnajua mambo yetu: kibao kikitundikwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, ukumbi ni wako, njia ya nje ni yako, na hakuna mwingine anayegusa ufagio. Kumfagilia mtu katika zamu yake ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye mchafu. Mwaka ule Adelheid alipovunjika nyonga, kibao kiko kwake, majani yalijaa mlangoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Gotthold aliyaruka wiki nzima, jasho linamtoka, asiokote hata moja. "Nikifagia nitakuwa nimemtukana," alisema. Mwanamke yuko hospitali, jamani!

"Mzee," nikasema, "nipe kibao hicho. Na konokono wako wangapi?"

"Kumi na wawili. Wa nini?"

"Nipe wote."

Gotthold alikuwa kwa kinyozi. Niliwatia konokono tangini mmoja mmoja, na jiwe moja lenye vijidudu vyake, kama Mzee alivyonielekeza, na wakateremka kwenye uchafu ule kwa furaha ya watu walioalikwa harusini. Nikafunga chujio la Mzee kwenye bomba, maji mapya ya tangi yatoke humo. Maji linayoyamwaga nikayaongoza kwenye ndoo za kupigia deki ngazi, asije mtu akasema nimemwaga. Mwisho nikatundika kibao juu ya kioo.

Mume wangu akarudi, akavaa glavu, akafika mbele ya tangi na mswaki mkononi. Akasimama.

"Hiki nini?"

"Kibao. Kwani hukijui?"

"Zamu ya nani?"

"Ya konokono."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akamtazama konokono mmoja aliyekuwa anapanda kioo polepole, nyuma yake ameacha njia safi upana wa kidole. Akakitazama kibao. Mkono wenye mswaki ulinyanyuka, ukashuka, ukanyanyuka tena.

"Pale kwenye kona wameruka," akasema kwa sauti ndogo.

"Leo Jumanne. Wana mpaka Jumamosi."

Lo, alivyoteseka! Alizunguka lile tangi mikono nyuma, anaguna kama mkaguzi aliyenyang'anywa kalamu. Nilimkuta amechuchumaa, anamwambia konokono mmoja, "Rafiki, umepita hapo mara mbili, hapa hata mara moja." Adelheid alipogonga dirisha akauliza samadi inaendeleaje, Gotthold akamjibu kwa ukali: "Si zamu yangu!" Mwanamke akachukua mikate yake akaenda, maana kwa hilo hakuna hoja.

Jumamosi nilikiacha kibao palepale. Wiki ya pili ya Mei mwani uliacha kuenea. Wiki ya tatu ukabanduka vipande vipande, mchanga ukaonekana chini yake, mweupe. Tarehe ishirini na tisa Ottmar alishuka ngazi zote kwa makalio, kidato kwa kidato, akapima maji, akapima tena, akasema, "Haya, walete." Pauline na Mchungaji wakaingia kwao kupya, na siku tatu baadaye Mzee akaingia kwake kupya.

Mnadhani yameisha? Hata mimi nilidhani.

Jumapili ya kwanza alikuja, akakaa mbele ya tangi, akaondoka kabla ya chai. Jumapili ya pili hakuja. Tukamfuata. Chumba chake kilikuwa safi kupindukia, naye amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti.

"Wanafanya kila kitu," alisema. "Niliomba ufagio, wakaniletea chai."

"Njoo uwaone samaki," nikamwambia.

"Samaki wako sawa. Gotthold anawatunza vizuri kuliko mimi. Mimi pale nije kufanya nini? Mgeni wa kuangalia tu." Hakulia. Heri angelia.

Njia nzima ya kurudi Gotthold alitembea mikono nyuma, kama alivyokuwa akilizunguka tangi.

Wiki iliyofuata nikaona kioo cha mbele kinaota ukungu wa kahawia, ule wa kawaida, ambao tangi lolote hupata usipolifuta. Jumatano ukawa mzito. Ijumaa Mchungaji alionekana kama yuko nyuma ya pazia, na Adelheid alisimama nje dakika nzima.

"Gotthold," nikamwita, "kioo."

"Nimekiona."

"Wewe mzima kweli?"

Nikasikia vichupa vikigongana. Alikuwa amejifungia jikoni, anapanga viungo vyangu upya.

Jumamosi asubuhi alikishusha kibao cha mbao tangini, akakifunga katika taulo, tukaenda ile nyumba ya wazee. Kwenye mlango wa Ottmar alitoa kamba mfukoni, akakitundika kwenye kitasa. Mzee akafungua. Alikitazama kibao alichokichonga kwa mkono wake, akakitazama sana.

"Kimepinda," akasema.

"Basi kinyooshe. Ni zamu yako."

Ottmar akamtazama mume wangu usoni. "Kioo kimechafuka?"

"Vibaya sana," akasema Gotthold. "Siku sita, Ottmar. Siku sita sijakigusa."

Mzee akakinyoosha kibao. Kisha akaniomba nimpe koti lake.